Mtambo ni Wako, Wino ni wa Nani?

Kila mwaka wa fedha unapokaribia ukingoni, afisi za umma humu nchini huwa mbioni kununua vifaa, na printa hazikosi kuwamo katika orodha. Swali linalopewa uzito katika zabuni hizo ni bei ya mtambo. Anayetaja bei ya chini ndiye apewaye kazi. Desturi hiyo inaonekana ya busara, na hata wakaguzi huisifu, lakini mimi naishuku. Mtambo wa kupiga chapa wa siku hizi si kitu kinachonunuliwa mara moja mambo yakaisha. Bei yake ni kiingilio tu; gharama yenyewe hulipwa baadaye, ukurasa kwa ukurasa, nayo haiandikwi popote katika zabuni.

Wasomaji wa makamo yangu watakumbuka jinsi afisi za wilaya zilivyokuwa. Karani aliketi mbele ya taipureta, akapachika karatasi tatu na kaboni mbili katikati, na akikosea herufi moja ilimbidi aifute mara tatu. Zilipohitajika nakala mia moja iliandaliwa stensili, nayo ikavishwa kwenye mashine ya saiklostaili iliyozungushwa kwa mkono hadi tarishi akawa mweusi kufikia viwiko. Kazi hiyo niliifanya kwa muda, na sitamani hata kidogo irudi. Hata hivyo, mashine ile ilikuwa na sifa moja ambayo wakati ule hakuna aliyeihesabu kuwa sifa. Wino wake uliuzwa madukani katika mikebe na tyubu, na mwenye mashine alinunua wa yeyote aliyemridhisha. Ikiharibika, fundi wa baiskeli mwenye akili razini angeifungua na kuona kwa macho yake kilichovunjika.

Mtambo uliochukua nafasi yake ulizaliwa mbali. Mnamo tarehe 22 Oktoba 1938, katika mtaa wa Astoria mjini New York, Chester Carlson, mtu aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya hataza na aliyechoshwa na kunakili nyaraka, alifaulu pamoja na msaidizi wake kuhamisha maandishi machache kutoka kwenye kioo hadi karatasini kwa kutumia umeme tuli na unga mkavu, bila tone la wino. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla ya ugunduzi huo kushamiri sokoni. Mwaka 1959 kampuni ya Haloid Xerox ilitoa mashine ya fotokopi iliyoitwa 914, na kwa kuwa ilikuwa ghali mno kwa wateja wengi kuinunua, kampuni ikaamua kuikodisha kwa dola 95 kwa mwezi. Nakala 2,000 za kwanza zilikuwa ndani ya malipo hayo. Kila iliyozidi ililipiwa senti kadhaa. Afisi zilizodhani zitatoa nakala chache kwa siku zikajikuta zinatoa mamia, na senti hizo zikaijenga kampuni kubwa.

Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya senti, maana yote yaliyofuata yametokana nayo.

Mwaka 1971 mhandisi Gary Starkweather, katika maabara ya Xerox huko California, aliuunganisha mwale wa leza na mtambo wa fotokopi ili tarakilishi iandike moja kwa moja kwenye silinda yenye umeme. Mwaka 1984 kampuni ya HP ikaleta LaserJet, printa ya kuwekwa mezani iliyouzwa dola 3,495 na ambayo injini yake iliundwa na Canon ya Japani. Ndani yake mlikuwamo katriji iliyofungasha unga wa wino pamoja na silinda yenyewe. Ilikuwa rahisi kutumia. Mtu hakuhitaji fundi wa kuja kusafisha, alichomoa katriji ya zamani akachomeka mpya. Lakini kwa hatua hiyo, kiungo muhimu cha mtambo kiligeuzwa kuwa bidhaa ya kutupwa na kununuliwa tena na tena. Kadiri miaka ilivyosonga bei ya printa ilizidi kushuka, hasa zile za kurusha matone ya wino, hadi ikawa si ajabu kukuta seti mpya ya katriji ikikaribia bei ya printa nzima. Mwenye duka akikuuzia taa kwa bei ya kutupa, yafaa umuulize yeye ndiye auzaye mafuta?

Mafundi, kama ilivyo desturi yao, hawakukaa kimya. Palichipuka kazi ya kujaza katriji zilizokwisha na kuziuza kwa bei nafuu. Watengenezaji wakajibu kwa kupachika chipu ndani ya katriji. Chipu hiyo husaidia kukadiria wino uliobaki, sikatai, ila kazi yake nyingine ni kuitambulisha katriji kwa mtambo kama askari anavyodai kitambulisho mlangoni. Isiyotambuliwa hukataliwa, hata kama imejaa wino safi. Mwezi Septemba mwaka 2016 watu wengi duniani wenye baadhi ya printa za HP walishtuka kuona mitambo yao ikizikataa katriji za kampuni nyingine ilizokuwa ikizikubali siku chache kabla. Programu iliyokuwa ndani ya mtambo ndiyo iliyobadilisha msimamo. Kampuni iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vya kutosha, ikatoa programu ya kuondoa kizuizi hicho kwa aliyetaka, lakini utaratibu wenyewe haikuuacha.

Ugomvi huu ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Kampuni ya Lexmark iliishtaki Impression Products, kampuni ndogo ya jimbo la West Virginia, kwa kuuza katriji zilizojazwa upya. Tarehe 30 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba mwenye hataza akishauza kitu chake, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, kiwe kimeuzwa Marekani au nje. Uamuzi huo niliufurahia. Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba mahakama ilizungumzia hataza; haikuikataza chipu. Mtu aliyeshinda kortini aweza bado kushindwa mbele ya kioo kidogo cha printa kinachomwambia kwamba katriji hii haikubaliki.

Msomaji wa hapa kwetu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Basi na apite karibu na mahakama yoyote ya mji wa Kenya, au karibu na kituo cha Huduma, aone vibanda vya fotokopi vilivyopangana. Huduma za Serikali zimehamia eCitizen na kodi hulipwa kwa tarakilishi, lakini mwananchi bado huambiwa alete nakala. Ahadi ya afisi isiyo na karatasi ni ya tangu miaka ya sabini, nami nimeacha kuingoja. Namjua mama mmoja anayesomesha watoto kwa kibanda cha namna hiyo. Hutoza shilingi kumi kwa ukurasa. Printa aliinunua mwenyewe kwa pesa za chama, na kampuni iliyoiunda siitaji. Asubuhi moja, baada ya mtambo kuunganishwa na intaneti usiku kucha, katriji aliyokuwa amejaziwa na fundi wa River Road ilikataliwa. Nje kulikuwa na foleni ya watu wenye fomu za mahakama zenye siku ya mwisho. Ilimlazimu anunue katriji halisi kwa pesa alizotenga kwa kodi ya kibanda. Nilipomuuliza kama alilalamika, aliniuliza, "Nilalamike kwa nani, mzee? Hata stakabadhi ninayo, mashine ni yangu."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Stakabadhi anayo, mtambo uko mezani pake, umeme analipa yeye, na bado kuna mtu wa mbali aliyebakisha ufunguo.

Sipuuzi hoja ya watengenezaji. Katriji bandia zipo, tena nyingi, na nimeona unga wake ukimwagika ndani ya mtambo na kuuharibu kabisa. Aliyetumia miaka kubuni ana haki ya kufaidi jasho lake. Lakini dawa ya bandia ni kumshtaki anayeweka nembo isiyo yake. Fundi anayesema waziwazi kwamba ameijaza katriji hii yeye mwenyewe hamdanganyi mtu. Aidha, kampuni zenyewe zimeonyesha kwamba njia nyingine ipo: mwaka 2010 Epson ilianza kuuza nchini Indonesia printa zenye tangi la kujazwa wino wa chupa, mtambo ukiwa ghali zaidi na wino ukiwa rahisi. Mitambo ya aina hiyo sasa imeenea hata katika vibanda vyetu. Wenye biashara ndogo walipiga hesabu wakaona faida; afisi kubwa zenye wahasibu wengi hazikosi mtambo wa bei ya chini na kabati lililojaa katriji.

Viwandani nako hali inaelekea huko huko. Tarehe ya kwisha muda kwenye pakiti ya maziwa au chupa ya maji huchapwa na mtambo unaorusha matone ya wino bila kugusa chupa, na chupa ikipita bila tarehe haiwezi kuuzwa. Baadhi ya mitambo hiyo hutumia katriji za wino zenye chipu vilevile. Afisi ikikosa wino barua huchelewa. Kiwanda kikikosa wino mstari mzima husimama na vibarua hurudishwa nyumbani. (Hapa sitachanganya mambo: kiwanda cha De La Rue cha Ruaraka, kilichotangaza Januari mwaka 2023 kusitisha uchapaji wa noti, kilikosa kazi ya kuchapa, hakikukosa wino. Hicho ni kilio kingine, hasa tulipoona noti mpya za mwaka 2024 zikichapwa na kampuni ya Ujerumani.)

Lakini linalonishughulisha zaidi ni uchapaji ambao hauhusu karatasi kabisa. Siku hizi vitu vyenyewe huchapwa: mtambo huyeyusha plastiki au unga wa madini na kuupanga tabaka juu ya tabaka hadi umbo likamilike. Chuck Hull wa Marekani alipata hataza ya njia moja mwaka 1986, na Scott Crump akabuni ile ya kuyeyusha uzi wa plastiki miaka michache baadaye. Kampuni ya General Electric huichapa kwa njia kama hizo pua ya kunyunyizia mafuta ndani ya injini ya ndege; iliyokuwa na vipande takriban ishirini vya kuunganishwa sasa ni kipande kimoja, na uzito umepungua kwa robo. Huko ni kwa wakubwa. Kwa wadogo, mlango ulifunguka hataza kuu ya Crump ilipokwisha mwaka 2009. Tayari Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alikuwa ameanza mwaka 2005 mradi wa kuunda mtambo wa namna hiyo ambao michoro yake ni ya bure kwa wote. Mitambo iliyogharimu maelfu mengi ya dola ikashuka hadi mamia. Hapa Nairobi karakana iitwayo AB3D iliwahi kuiunda kwa vipuri vilivyookotwa kwenye taka za kielektroniki, na wakati wa korona mwaka 2020 vijana wetu walichapa vikingio vya uso vya wahudumu wa hospitali.

Fikiria maana yake kwa fundi wa Kariobangi anayetengeneza mashine za kusaga, ambaye gia moja ya plastiki ikivunjika huingoja kutoka ng'ambo kwa wiki kadhaa. Aweza kuichapa jioni hiyo hiyo. Yote hayo yatawezekana ikiwa tu mtambo atakaonunua utakubali uzi wa plastiki wa muuzaji yeyote. Tayari wako watengenezaji waliowahi kutia chipu katika vibweta vya uzi, sawasawa na katriji. Tukizoea kufungiwa wino, tutafungiwa na gia.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la haki ya kutengenezewa vifaa, ingawa katika orodha yake printa hazimo. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na pia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inayokataza kukwepa vizuizi vya kiteknolojia vinavyolinda kazi za watu. Fundi wa River Road anayeibadilisha chipu hajui amesimama upande gani wa sheria hizo mbili, na si haki aachwe hivyo. Bunge na limwambie waziwazi kwamba kukitengeneza kitu kilichonunuliwa kihalali si hatia.

Lakini kuna jambo lisilohitaji Bunge. Wizara ya Fedha yaweza kuagiza, kabla ya zabuni za mwaka ujao kutangazwa, kwamba kila anayeomba kuuzia Serikali printa ataje gharama ya kurasa elfu mia moja, wino, silinda na matengenezo vikiwamo, na aseme kwa maandishi kama mtambo wake hukubali wino wa mtu mwingine. Serikali ni mnunuzi mkubwa. Akiuliza yeye, wauzaji watajibu, na jibu hilo litamfaa hata yule mama wa kibanda.