Mzinga Mtupu, Deni Palepale

Habari za tabianchi na milima zikifika Nyakato, pale Musoma, huwa zimevaa theluji. Picha mbili za Kilimanjaro huwekwa pamoja, ya zamani kilele kimefunikwa chote, ya sasa kimebaki na viraka. Picha hazidanganyi. Mwaka 1912 barafu ya mlima ule ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 12, na kufikia 2007 zilikuwa hazifiki 2. Lakini theluji imeubana mjadala. Mkulima wa alizeti wa Butiama akiitazama huona ni shauri la Wachaga na watalii, kumbe mlima uleule umetoa somo jingine, la maua na nyuki na mvua, linalomhusu yeye zaidi kuliko barafu.

Katika milima ya Ulaya, joto likipanda mimea hupanda nalo. Hesabu yake ni nyepesi: hewa hupoa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo joto likiongezeka nyuzi 1, mmea unaotaka ubaridi wake wa zamani hauna budi kuhamia mita 170 hivi juu ya ulipokuwa. Ungetarajia na Kilimanjaro iwe vivyo hivyo. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, aliyeutembea mlima huo kwa miongo kadhaa, alikuta kinyume chake. Tangu 1976 mpaka wa juu wa msitu ulikuwa umeshuka kwa mamia ya mita. Kilichoushusha ni moto. Mvua ilipungua, misitu ya erika ikakauka, na cheche ambayo zamani ingezimikia kwenye unyevu ikapata pa kushika. Misitu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinasa ukungu na kuudondosha ardhini kuwa maji. Mwaka 2005 Hemp aliandika kwamba hasara inayoletwa na moto huo inaifanya ya barafu kuyeyuka ionekane ndogo. Oktoba 2020 moto mwingine ulikula karibu kilomita za mraba 95 za mlima. Dunia ikaendelea kuililia theluji.

Nyuki wa Kilimanjaro nao walihesabiwa. Mtafiti Alice Classen na wenzake walifuata vituo 60, kuanzia savana ya chini hadi zaidi ya mita 4,500, wakakuta aina za nyuki zinapungua kadiri unavyopanda, na kizuizi kikubwa ni ubaridi kuliko uhaba wa maua. Maua yapo, ila nyuki hawezi kuyafuata asubuhi yenye baridi kali. Mtu anaweza kushangilia hapo na kusema basi joto litawafungulia njia. Labda kwa baadhi yao. Ila huko juu tayari kuna wenyeji wenye kazi zao: nzi, na ndege aina ya chozi wanaofyonza lobelia kubwa. Wale nyuki wanene wenye manyoya ambao wanasayansi wa Ulaya wanawahofia sana milimani kwao, Afrika kusini mwa Sahara hawapo kabisa. Kwa hiyo hata hofu yenyewe hatuwezi kuiazima ilivyo.

Tofauti kubwa zaidi ni ya saa. Kule Gothic, katika milima ya Colorado nchini Marekani, maua yamekuwa yakihesabiwa tangu miaka ya 1970, na saa yao ni theluji: ikiyeyuka mapema, maua yanawahi, na mdudu aliyepangiwa tarehe ya zamani anakuta karamu imekwisha. Huku kwetu saa ni mvua. Mkahawa wa Tarime hukaa na vichomozo vya maua vilivyolala wakati wa kiangazi, ukisubiri mvua ya kwanza ya maana. Ikinyesha, shamba zima hugeuka jeupe, na kwa siku chache tu. Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, lakini majaribio yaliyofanyika Kilimanjaro yalionyesha kwamba maua yaliyofikiwa na wadudu yalitoa tunda zito zaidi kwa asilimia 7.4. Mvua ikinyesha kidogo, ikakatika, ikarudi baada ya wiki tatu, mti huchanua kwa mafungu. Tunda la kwanza linaiva wakati la tatu bado kijani, na mchumaji analazimika kuzunguka mti uleule mara nyingi. Hasara hiyo haimo kwenye picha yoyote ya barafu.

Na mvua yenyewe imefanyaje? Mara ni miongoni mwa mikoa inayopata mvua mara mbili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ukiongozwa na Caroline Wainwright ulitazama jinsi masika ya Afrika Mashariki yalivyopungua kuanzia miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000. Ulikuta mvua haikupungua nguvu. Msimu ndio uliofupika, ukichelewa kuanza na kuwahi kukatika. Kisha ikaja vuli ya 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na mvua ikapitiliza. Mei 2020 Ziwa Victoria likavuka kina cha 1964 kilichokuwa kikitajwa na wazee kama kipimo cha mwisho. Misimu ya mvua hafifu ikafuatana hadi 2022. Ikafuata El Niño ya 2023, na Mei 2024 ziwa likaivuka rekodi yake lenyewe. Ndani ya miaka mitano, mti mmoja kwenye kilima cha Bunda umeambiwa na mbingu mambo matatu yanayopingana.

Joto haliko pembeni kabisa, nikubali. Huko Lopé, Gabon, ambako miti imefuatiliwa tangu miaka ya 1980, uwezekano wa tembo kukuta matunda yaliyoiva ulishuka kwa asilimia 81 kati ya 1987 na 2018, na watafiti wanashuku kwamba baadhi ya miti inahitaji usiku wa baridi ili ichanue, usiku ambao sasa umeadimika. Sioni sababu ya kudhani miti yetu ina kinga. Ila kwa Mara ningeiweka mvua mbele na joto nyuma yake, likikausha kile ambacho mvua imechelewa kukilowesha.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023 ukarejea 2024. Kikundi kikiambiwa kitafute mradi unaoendana na tabianchi, jibu la haraka ni mizinga ya kisasa. Na jibu hilo lina hoja. Asali ina soko. Mwenye mzinga hupata sababu ya kutokata mti, na mrina asali wa zamani, yule wa kupanda na kienge cha moto, hupata njia isiyounguza kilima. Kwa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti kuna hoja ya ziada: tembo huogopa nyuki. Mtafiti Lucy King na wenzake walipima uzio wa mizinga Sagalla, jirani na Tsavo nchini Kenya, kwa karibu miaka 9, wakakuta katika misimu mikuu ya mazao uzio huo ulizuia tembo kwa hadi asilimia 86 hivi.

Lakini utafiti huohuo una ukurasa ambao wagawaji wa mizinga hawausomi kwa sauti. Ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na athari zake ziliendelea kwa miaka mitatu. Nyuki wetu wanaouma wana hulka ya kuhama: chakula kikiisha huacha nyumba na kwenda kutafuta maua kwingine. Sasa mweke mwanakikundi wa Butiama mbele ya hesabu hiyo. Mizinga imetundikwa, mvua imechelewa, nyuki wamehama, na marejesho ya mkopo yana tarehe ambayo haihusiani na maua. Serikali itakuwa imehamisha hatari ya tabianchi kutoka kwenye mfuko wake hadi kwenye kibubu cha mama mwenye mizinga kumi, kisha ikaiita hatua hiyo kujikinga na tabianchi.

Kuna jambo jingine. Mzinga wa kisasa hufuga aina moja tu ya nyuki. Uchavushaji wa shamba hufanywa na kundi pana zaidi: nyuki wadogo wanaoishi kwenye mashimo ya miti na kuta, nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa, wale wapweke wanaochimba ardhini, nzi, vipepeo. Nyuki wadogo hasa hawana njia ya kukimbia ukame kama wenzao, kwa sababu malkia wao akishakomaa haruki tena. Wanabaki palepale, na uhai wao hutegemea kama ndani ya mwendo mfupi kuna kitu chenye ua mwezi huu, na mwezi ujao, na ule wa kiangazi kikali. Watu wa Kilimanjaro wana mashamba ya migomba yenye kivuli na maua ya kila namna. Utafiti mkubwa uliotoka 2019 ulionyesha kwamba ni nyanda za chini za mlima huo, zenye joto na ukavu, ambako kulima kwa nguvu kunaumiza viumbe zaidi. Nyanda hizo zinafanana na kwetu kuliko migombani.

Kinachoshika zamu ya maua huku ni vichaka vya vilima vya mawe. Balili juu ya mji wa Bunda, miinuko ya Butiama, majabali yaliyotawanyika hadi ufukweni Musoma. Vilima vyetu ni vifupi. Mmea unaotafuta mita 170 za ziada utafika kileleni ukute anga. Hata hivyo mwamba hutunza unyevu kwenye nyufa, kivuli chake hubadilika kila upande, na mteremko usiolimika huacha miti ya asili ikichanua kwa zamu. Wazee wa Ikizu waliuheshimu mlima Chamuriho, na mapokeo yao yanamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, Usukumani, akiwa na siri ya mvua. Sisemi turudishe matambiko. Nasema mlima uliwahi kuwa mali ya umma huko, na mvua ilikuwa jambo la utawala, lenye mtu wa kuulizwa.

Leo wa kuulizwa hayupo. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye aliiongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yeye na wenzake walichapisha utafiti wa nyanda za juu kusini magharibi ulioonyesha wakulima wakitabiri msimu kwa kuchanua kwa miti kama mihemi kati ya Julai na Novemba. Elimu ya namna hiyo ipo Mara pia, katika vichwa vya watu ambao hatuwaandiki. Na alama hizo zinaweza kupoteza thamani saa ikibadilika, ndiyo maana tarehe ni muhimu kuliko methali. Kule Gothic mmoja wa watu walioacha kumbukumbu za thamani ni billy barr, mkazi wa mlimani aliyeandika theluji kila siku tangu miaka ya 1970 kwa sababu alikuwa na daftari na muda. Shule ya msingi yenye kipimamvua na miti kumi iliyowekwa namba inaweza kufanya hivyo. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, chenye makao yake Butiama, kingeyakusanya madaftari hayo. Gharama yake kwa mwaka sidhani kama inafika bei ya mizinga ya kikundi kimoja. Bunda ingeongeza agizo kwa maofisa ugani kwamba pamba isipuliziwe dawa asubuhi maua yakiwa wazi. Hilo halihitaji bajeti kabisa.

Kugumu ni kwenye kilima chenyewe. Ukisema vichaka vya Balili visikatwe wala visichomwe, umemgusa mchunga mbuzi, mchoma mkaa, na mama anayeshusha mzigo wa kuni jioni. Sheria ndogo pekee itawageuza wahalifu bila kuotesha kitu. Taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi, na mitungi ya gesi ya ruzuku imekuwa ikigawiwa. Ningependa mgao wa Mara uanzie kwa kaya zinazoishi chini ya vilima badala ya kuanzia mjini penye barabara nzuri, na mikopo ya mizinga iruhusiwe kusogeza marejesho msimu ukishindwa. Mjini watanuna, kwa kuwa nao wanapikia mkaa huohuo. Huo ndio ubishi ninaotaka kuusikia kwenye baraza la madiwani.