Apandaye Baiskeli Naye Apokewe Kazini

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda juu ya miti, watu wengi katika Kenya hutoka majumbani mwao na kushika njia ya kwenda kazini kwa baiskeli. Miongoni mwao mna makarani, walimu, mafundi, walinzi, na wapimaji wa maziwa wa vyama vya ushirika. Habari za barabara wanazopita zimekwisha kusemwa mara nyingi: magari yaendayo kwa kasi, mashimo, vumbi na matope. Jambo lisilosemwa sana ni hili: mtu huyo akiisha kufika mlangoni pa kazi yake, hupokewaje?

Tangu zamani mgeni aliyetoka mbali kwa miguu hakuulizwa shauri lake kabla ya kupewa maji. Alinawa uso na miguu, akaonyeshwa mahali pa kuweka mzigo wake, ndipo akaketi na wenyeji. Hakuna aliyeyahesabu maji yale kuwa gharama. Yalikuwa ni heshima ya nyumba. Walakini katika afisi nyingi za leo, ajaye kwa gari amewekewa nafasi yenye kivuli, na pengine cheo chake kimeandikwa ukutani. Ajaye kwa baiskeli hakuwekewa hata kipande cha chuma.

Na afikiriwe karani mmoja, aliye mfano wa wengi. Nyumba yake iko upande wa Kawangware, na afisi yake iko katikati ya jiji la Nairobi, mwendo wa kilomita 8 hivi. Kwa miguu mwendo huo humchukua saa moja na nusu au zaidi. Kwa baiskeli, akienda kilomita 15 kwa saa, hufika kwa muda wa nusu saa na dakika chache. Matatu ingeweza kumchukua, lakini nauli hupanda mvua inaponyesha, na foleni ya magari haijali saa ya kazi. Basi aliweka akiba, akanunua baiskeli iliyokwisha kutumika, na kila mwisho wa mwezi fedha zilizokuwa nauli zikawa daftari na sare za watoto wake.

Lakini kila asubuhi afikapo langoni, mlinzi humwambia kwamba hapo ni mahali pa magari. Huizungusha baiskeli nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya takataka, akaifunga kwa mnyororo mwembamba kwenye bomba la maji ya mvua. Kisha huingia chooni, akabadili shati huku amesimama kwa mguu mmoja kwa kuogopa sakafu yenye maji, akajipangusa kwa leso. Wenzake hawamwambii neno, lakini yeye huchagua kiti cha karibu na dirisha. Ifikapo saa nne huteremka ngazi kwenda kuona kama baiskeli ingaliko. Siku moja haiko. Mnyororo umekatwa na kuachwa chini. Kuanzia siku hiyo karani yule huenda kwa matatu, na zile fedha za daftari hurudi kuwa nauli.

Msomaji ataona kwamba mtu huyo hakushindwa na umbali, wala na vilima, wala na mvua. Alishindwa na hatua mia za mwisho, zilizo ndani ya ua wa mwajiri wake. Serikali yaweza kutengeneza njia. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, ilijengwa pamoja na njia za watu wa miguu na za baiskeli. Na mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa ajili ya watu hao hao. Lakini kila njia huishia mlangoni pa mtu, na mlango ule si wa serikali.

Waajiri wengine hujibu wakisema, "Kwetu hakuna anayekuja kwa baiskeli, kwa nini tugharimie kitu kisichotakiwa?" Jibu hili ni kama la mwenye duka asiyeweka chumvi, kisha akasema kwamba watu wa kijiji kile hawali chumvi, maana hakuna hata mmoja aliyeinunua kwake.

Tena gharama yenyewe si kubwa kama idhaniwavyo. Nafasi ya gari moja hutosha baiskeli 8 na kuzidi. Kinachotakiwa ni bomba la chuma lililopindwa mfano wa mlango usio na bawaba, miguu yake miwili ikafukiwa katika saruji, na kimo chake kikafika kiasi cha sentimita 75. Nchini Uingereza bomba la namna hii huitwa kwa jina la mji wa Sheffield. Moja huchukua baiskeli mbili, upande huu na upande huu, na kati ya bomba na bomba huachwa mita moja ili watu wasigongane mikono. Fundi yeyote wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea aweza kuyatengeneza kwa siku moja.

Ubora wa bomba hili ni kwamba fremu ya baiskeli huliegemea, na mwenyewe aweza kufunga fremu na gurudumu pamoja. Vile vyuma vya chini vinavyobana gurudumu la mbele peke yake havifai, ijapokuwa huonekana nadhifu. Upepo au mtu mpitaji akiisukuma baiskeli, gurudumu hupindika. Na mwizi akija, hulegeza nati mbili tu, akaliacha gurudumu na kufuli yake, akaenda na kilichobaki. Kadhalika mahali penyewe pasifichwe nyuma ya jengo. Pawe mbele ya macho ya mlinzi, karibu na mlango kuliko magari, pawe na paa la mabati, na taa kwa ajili ya wafanyao kazi usiku. Na mlinzi aelezwe waziwazi kwamba baiskeli nazo ni mali aliyokabidhiwa.

Jambo la pili ni maji, na hapa yafaa kutofautisha mambo mawili, maana si kila apandaye baiskeli ana haja ya kuoga. Katika nchi ya Uholanzi, kando ya stesheni ya reli ya mji wa Utrecht, kuna jengo la kuwekea baiskeli lililokamilika mwaka 2019, lenye nafasi 12,500, na mtu huweka baiskeli yake saa 24 za kwanza bila ya malipo. Watu wengi wa nchi ile huenda kazini wamevaa nguo zao za kila siku, na hawaogi wakifika. Sababu yake ni wazi: nchi yao ni tambarare, hewa yao ni ya baridi, safari nyingi ni fupi, na wao huenda polepole. Basi mahali pa kufungia baiskeli ni haja ya kila mtu, lakini bafu ni haja ya yule atokaye mbali, apandaye vilima, au aishiye penye joto.

Kenya ina hali zote mbili. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na asubuhi zake ni za baridi. Mtu aliyeoga nyumbani, akaenda bila pupa, akafunga mkoba wake kwenye keria badala ya kuubeba mgongoni, aweza kufika akiwa mkavu, au akahitaji kubadili shati tu. Lakini Mombasa na Kisumu si hivyo. Huko jasho humtoka hata aliyeketi kivulini.

Kuhusu jasho lenyewe, iko dhana isiyo ya haki. Wengi hudhani kwamba mwenye kutoka jasho ni mchafu. Ukweli ni kwamba jasho litokapo halina harufu ya kusumbua. Harufu huja baadaye, bakteria walio katika ngozi, hasa makwapani, wanapolibadilisha. Kwa hiyo mtu akipata maji na sabuni mapema, akavaa nguo kavu, hawezi kutambulikana na mwenzake aliyeshuka garini. Akikosa maji, ubaya humjia saa tano au saa sita, wakati wa mikutano na wa kuwapokea watu dirishani. Aibu ile si ya mwili wake. Ni ya nyumba iliyomnyima maji.

Wala maji hayo si mengi. Bafu la mvua litoalo lita 8 kwa dakika humaliza lita 40 kwa dakika 5. Mtu mwenye ndoo na kata huoga vizuri kwa lita 15. Katika miji ambamo maji ya mfereji huja kwa zamu, tangi la akiba juu ya jengo, au pipa lililojazwa tangu jana yake, latosha kwa watu kadhaa. Chumba chenyewe chaweza kuwa kidogo, ilimradi kina sakafu isiyoteleza, mfereji wa kutolea maji, misumari ya kutundikia nguo mahali pasipofika maji, dirisha la kupitisha hewa, na komeo la ndani. Wanawake wawe na chumba chao, chenye taa na njia isiyo ya kificho. Wengi wao hawaachi baiskeli kwa kukosa nguvu. Huiacha kwa kukosa mahali pa kubadili nguo kwa staha.

Mwajiri apendaye kipimo asikose. Kanuni za majengo zijulikanazo kwa jina la LEED, zilizoanzia Marekani, hutaka bafu moja kwa watu 100 wa kwanza wa jengo, na bafu moja zaidi kwa kila watu 150 wanaoongezeka. Kwa hesabu hiyo jengo lenye watu 400 latakiwa kuwa na mabafu matatu. Afisi yenye watu 30 yatosheka na moja, na mara nyingi chumba chake kipo tayari, kimejazwa mafaili ya zamani na viti vilivyovunjika.

Tena sheria ya nchi haiko mbali na jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humwagiza mwajiri aweke mahali pa kunawa panapofaa na palipo safi, na pia mahali pa kuweka nguo ambazo mfanyakazi hazivai saa za kazi. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya baiskeli. Lakini mwajiri aliyekwisha kuitii ameufunika nusu ya mwendo. Aliye na mfereji na kabati hana budi kuongeza chumba na bomba la chuma tu.

Walakini haifai kumtupia mwajiri mzigo wote. Bafu la wote hugeuka haraka kuwa bafu la hakuna mtu. Wanaolitumia wapange zamu ya kulisugua, wasiache nguo mbichi juu ya viti vya afisi, wasimalize maji ya wenzao, na watoke kabla ya saa ya kazi. Kila mmoja aandike namba ya fremu ya baiskeli yake katika daftari la mlinzi, ili ikiibwa iweze kutambuliwa, na anunue kufuli imara kabla ya kununua kengele inayong'aa. Tena waende kwa mkubwa wao pamoja, wakiwa na hesabu mkononi: ni wangapi wajao kwa baiskeli, wangapi wangekuja kama pangekuwa na mahali, na fundi anataka fedha ngapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mkulima naye asidhani kwamba habari hizi ni za mjini tu. Yeye ni mwanachama wa ushirika, na katika mkutano mkuu wa mwaka kura yake ni sawa na ya mwingine. Yule karani anayepima kahawa yake kiwandani, na yule kijana anayeandika lita za maziwa yake alfajiri, mara nyingi wamefika kwa baiskeli kutoka kijiji cha mbali. Karani aliyefika amechoka kwa miguu, ambaye moyo wake uko kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, aweza kukosea tarakimu, na kosa lile huingia katika malipo ya mkulima. Mabomba mawili ya chuma na chumba cha kuogea kando ya tangi la kiwanda ni jambo ambalo wanachama waweza kulikata katika mkutano mmoja.

Mwisho, mwenye afisi na asimame siku moja langoni pake, saa moja na nusu ya asubuhi, awatazame watu wake wakiingia. Miongoni mwao yumo mmoja aliyejileta kwa nguvu za miguu yake, hakuomba nauli, hakuchafua hewa ya mtu, wala hakuchelewa. Mtu huyo ataka maji kidogo na mahali pa kufungia mali yake, mambo ambayo mzee yeyote wa kijiji angempa mpita njia bila kuulizwa. Kumpa hakumshushi mwenye nyumba. Heshima si utumwa.