MASHAURI YA NYUMBANI: Kwenda Kutazama Maandamano ya Mtakatifu Patrisi



Tumepokea barua ya bwana mmoja akaaye na mkewe na watoto watatu katika jimbo la New Jersey, huko Marekani. Bwana huyu alizaliwa kwetu bara, akabatizwa akiwa mtu mzima, miaka minne tu iliyopita. Mkewe alizaliwa Uganda katika nyumba ya Wakristo. Bibi yake alisomeshwa na Masista wa Ayalandi. Sasa mama ana hamu ya kuwapeleka watoto New York kutazama maandamano ya tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrisi, baba hataki. Aeleza kwamba alipoomba ubatizo aliambiwa aache ngoma za mizimu na ulevi, naye akaacha, ijapokuwa jamaa zake walimcheka. Leo aona picha za Wakristo wa tangu zamani wakipiga ngoma njiani, na wengine wakilewa mchana kweupe, tena katika Kwaresima. Atuuliza awaambie nini watoto wake.

Swali hili si dogo, wala hatutaki kulijibu kwa haraka. Kwanza na tujue maandamano hayo ni kitu gani, kisha tutatoa mashauri yetu juu ya safari.

Patrisi mwenyewe hakuzaliwa Ayalandi. Alikuwa kijana wa Britania, apata miaka 16, alipokamatwa na wavamizi, akavushwa bahari, akafanywa mtumwa. Miaka sita alichunga wanyama katika baridi na njaa, na huko malishoni ndiko alikojifunza kusali. Akatoroka, akarudi kwao. Baadaye alipokuwa askofu alirudi kwa hiari yake katika nchi ile ile iliyomtumikisha, awapelekee Injili waliomtesa. Hayo yalikuwa katika karne ya tano. Sisi ambao babu zetu walizijua njia za misafara ya watumwa hatuhitaji kufafanuliwa sana ukubwa wa tendo hilo.

Maandamano ya New York yalianza mwaka 1762, miaka 14 kabla ya Marekani kujitangazia uhuru. Waayalandi wachache waliokuwa mbali na kwao, pamoja na askari wenzao waliotumikia jeshi la Kiingereza, walitembea pamoja siku ya mtakatifu wao. Siku zile Wakatoliki hawakuwa na kanisa lolote mjini. La kwanza, la Mtakatifu Petro, lilianzishwa mwaka 1785.

Kisha ikaja njaa kuu. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi vya Ayalandi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Hata kufika mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wameihama nchi. Wengi walishuka New York bila mali, wakadharauliwa kwa umaskini wao na kwa dini yao. Huko Philadelphia, mwaka 1844, makanisa mawili ya Wakatoliki yalikuwa yamekwisha kuchomwa moto na makundi ya watu wenye chuki. Basi watu hao walipotembea katikati ya njia, bendera mbele, hawakuwa wakicheza ngoma ya mizimu. Walikuwa wakisema kwa miguu yao: Nasi pia tu watu, na imani yetu hatuifichi.

Ushuhuda wa pili ni kanisa kuu lao. Askofu Mkuu John Hughes, mwenyewe mzaliwa wa Ayalandi, aliweka jiwe la msingi tarehe 15 Agosti 1858, mahali palipokuwa wakati huo mbali na mji. Watu walimcheka wakaita kazi yake upumbavu. Matajiri walitoa dola nyingi, lakini hata vijakazi wa nyumbani na wachukuzi walitoa senti zao. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka 1879 kanisa lilifunguliwa, ingawa Hughes alikuwa amefariki tangu 1864. Leo mji umelizunguka pande zote, na waandamanaji hupita mbele ya mlango wake.

Tena kuna jambo ambalo tungependa kila mtoto Mwafrika alijue. Chini ya altare kuu ya kanisa hilo amezikwa mtu mweusi, Pierre Toussaint, aliyezaliwa mtumwa huko Haiti na kufa New York mwaka 1853. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele za mabibi. Kwa fedha zake aliwakomboa watumwa wengine, akawalea yatima, akasaidia kukusanya fedha za kanisa kuu la kwanza la Mtakatifu Patrisi. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mheshimiwa. Basi mtoto wa bwana huyu asidhani kwamba anasimama mlangoni pa watu wengine.

Sasa juu ya ulevi. Hatutaficha: ulevi upo, nao ni dhambi, hata mlevi akivaa kijani na kulitaja jina la mtakatifu. Lakini yafaa kujua kwamba Waayalandi wenyewe wameupiga vita. Padre Theobald Mathew, Mkapuchini, alianza mwaka 1838 kuwaapisha watu waache pombe. Walioapa walikuwa mamia ya maelfu, naye alifika New York kwa kazi hiyo mwaka 1849. Huko Ayalandi sheria ilifunga vilabu vya pombe siku ya Mtakatifu Patrisi tangu 1927 hata mwanzo wa miaka ya 1960. Huko New York kunywa pombe njiani ni kosa, na polisi huwatoza faini wanywaji. Baba anayewaonyesha watoto tofauti ya sikukuu na ulevi huwafundisha zaidi kuliko yule anayewafungia ndani, kwani wataukuta ulevi siku nyingine, naye hatakuwapo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: nendeni, lakini nendeni kwa utaratibu. Nasi twasema hivyo kwa kuwa tulikosea. Mwaka mmoja tulikwenda pasipo mpango. Tulifika saa sita, Misa imekwisha kupita, tukasongamana karibu na kanisa kuu ambapo watu ni wengi kupita mahali pote. Mtoto wetu wa miaka saba aliuacha mkono ili azifuate zumari. Dakika arobaini tulimtafuta, na mama yake hakuweza hata kulia. Tulimkuta kwa askari mmoja mwema. Askari alikuwa amemwuliza jina la baba yake, naye alijibu tu: "Baba." Hakujua jina jingine. Jioni tulirudi nyumbani tumenyamaza, wala hapana aliyekumbuka bendera hata moja.

Kwa sababu hiyo twawaandikia mambo haya.

Siku. Maandamano ni tarehe 17 Machi. Ikiangukia Jumapili hufanywa Jumamosi, kama mwaka 2024 yalivyofanywa tarehe 16. Mwaka 2028 tarehe 17 itakuwa Ijumaa ya Kwaresima. Mwulizeni padre wenu mapema juu ya kula nyama. Usiku wa kuamkia siku hiyo baba awasimulie watoto habari za Patrisi, ili wajue wanakwenda kumwadhimisha nani.

Misa. Katika kanisa kuu Misa ya sikukuu husomwa asubuhi, kabla ya maandamano, na watu hujaa; ulizeni kwanza kama kuna nafasi. Wenye watoto wadogo wafanye hivi: watokao New Jersey kwa treni hushuka Penn Station, na karibu hapo, njia ya 31, lipo kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Salini hapo. Anayeianza siku altareni huyaona maandamano kwa macho mengine.

Njia na mahali. Maandamano huanza saa tano asubuhi katika barabara iitwayo Fifth Avenue, kutoka njia ya 44 kuelekea kaskazini hata njia ya 79, mwendo wa karibu kilometa tatu. Mkitoka kanisani nendeni kwa miguu upande wa mashariki hata kituo cha njia ya 33, pandeni treni ya chini ya ardhi namba 6, shukeni njia ya 77. Kutoka hapo rudini magharibi hata Fifth Avenue. Huko juu, mkabala wa bustani kubwa ya Central Park, watu hupungua na watoto huona vizuri. Msijaribu kuvuka barabara, kwa maana vizuizi vimewekwa na polisi hawaruhusu ovyo.

Mavazi na chakula. Mwezi wa Machi huko ni baridi, na upepo huvuma kwa nguvu katikati ya majumba marefu. Vaeni nguo nzito, na viatu visivyopitisha maji. Chukueni mikate, mayai na chai ya moto katika chupa. Vyoo ni haba. Kila mtoto aende kwanza kituoni mnaposhukia treni.

Watoto. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye majina kamili ya wazazi na namba ya simu. Zaidi ya hayo, ajue kuyataja kwa kinywa chake.

Ya kutazama. Magari hayaruhusiwi kuandamana. Wote huenda kwa miguu, watu wapatao 150,000. Mbele huenda kikosi cha 69 cha askari, kilichoongoza tangu mwaka 1851. Hufuata bendera za wilaya 32 za Ayalandi, wapiga zumari na bendi za shule. Waonyesheni watoto wazima moto wa mji: hubeba bendera 343, moja kwa kila mwenzao aliyekufa tarehe 11 Septemba 2001 alipokuwa akiwaokoa watu. Zipitapo, baba avue kofia, na watoto wawaombee marehemu hao.

Kurudi. Msingoje mwisho. Maandamano huendelea hata alasiri, na jioni ndipo walevi wanapozidi. Saa nane, watoto wakiwa bado na furaha, shikeni njia ya nyumbani.

Neno letu la mwisho ni kwa mama na baba pamoja. Mama asimshinde baba kwa maneno, wala asiende na watoto kwa siri. Sikukuu iliyonunuliwa kwa ugomvi haina baraka. Baba naye akumbuke kwamba mkewe ana deni la shukrani. Mwaka 1903 mwanamke wa Ayalandi, Mama Kevin, alifika Nsambya, Uganda, pamoja na masista wenzake, akaanza kuuguza na kufundisha, akaitumikia Afrika zaidi ya miaka hamsini. Kusimama saa mbili au tatu kando ya njia na kuwapungia mkono watu wa taifa lake si kubwa mno.

Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Ubatizo hautuvui asili yetu; hutuvua dhambi. Waayalandi walishika zumari zao wakashika na Misa. Watoto wetu wakiona hayo, huenda siku moja wakatuuliza juu ya ngoma zetu njema, nyimbo zetu za mavuno na za harusi, ambazo hazikuwa na mizimu wala ulevi, nasi tukaziacha kwa kuona haya. Bwana mwenzetu, jiandae kwa swali hilo, maana litakuja mkiwa ndani ya treni ya kurudi.

Mtakatifu Patrisi awaombee. Tuandikieni mkirudi.