Risasi Isiyouzwa Dukani

Leo nina kisa cha bastola. Usiogope, hakuna aliyepigwa risasi. Ila ndoa ya shoga yangu ilibaki kidogo tu ivunjike, na chanzo ni hiyo hiyo bastola.

Huyu shoga yangu tulisoma naye chuo, chumba kimoja hosteli. Akaolewa na Mmarekani, sasa wanaishi Texas, nje kidogo ya Houston. Novemba 2023 nilikwenda kuwatembelea. Kule Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu, wale wenye mkia mweupe, na shemeji yangu uwindaji uko kwenye damu. Nyama wanakula wenyewe, friza limejaa.

Siku ya pili tuko jikoni tunakata vitunguu, nikaona shoga yangu kanuna. Nikamuuliza, vipi wewe? Akaninyooshea kidole mlango wa gereji. "Nenda kamwone mke mwenzangu."

Nikaenda, roho juu. Kumbe juu ya meza kuna bastola, na shemeji anaifuta kwa kitambaa taratibu kama mtu anayemfuta mtoto mchanga. Si kama zile za kwenye filamu. Hii ni ndefu, mtutu peke yake inchi 14, juu imefungwa darubini, na inabeba risasi moja tu. Ukishapiga unaikunja katikati kama shotgani, unatoa ganda, unaweka nyingine. Inaitwa Contender. Aliyeibuni ni Warren Center, na ilianza kuuzwa mwaka 1967 na kiwanda cha Thompson/Center cha Rochester, jimbo la New Hampshire. Sifa yake kubwa ni kwamba mtutu unabadilika. Unafungua kishikio cha mbele, unachomoa pini moja, unaweka mtutu mwingine wa risasi ya aina nyingine. Ndo maana watu wanaopenda kujitengenezea vitu vyao waliivamia.

Na shemeji ni mmoja wao. Risasi anayotumia huikuti kwenye maduka ya kawaida. Wamarekani risasi za namna hii wanaziita paka-mwitu. Risasi ya kiwandani ina vipimo vyake vilivyokubaliwa. Tangu mwaka 1926 kuna umoja wa watengenezaji, SAAMI, unaopanga urefu, unene na mgandamizo wa baruti. Paka-mwitu hamo kwenye vitabu hivyo. Fundi anachukua ganda la risasi ya kawaida, analipitisha kwenye kalibu ya chuma, anabana shingo au anaipanua, kisha anaweka kichwa cha ukubwa mwingine. Ya shemeji ni .375 JDJ. Herufi hizo ni za J.D. Jones wa Ohio, aliyeanzisha karakana yake ya SSK Industries mwaka 1977. Ganda ni la .444 Marlin, risasi ya bunduki iliyotoka mwaka 1964, limebanwa shingo lipokee kichwa chembamba zaidi.

Mtutu aliuagiza kwa fundi, akasubiri miezi. Na kila risasi anaijaza mwenyewe: fataki, baruti anayoipima kwenye kamizani kadogo, halafu kichwa. Anaanza na kiasi kidogo, anapiga, anakagua ganda kama lina dalili za kuzidiwa, ndo anaongeza kidogo tena. Akizidisha, chuma kinaweza kumpasukia mkononi.

"Sasa shem, kwa nini ujitese hivyo wakati dukani risasi zimejaa?" nikamuuliza.

Akacheka. "Baba yangu ndiye aliyenifundisha kuwinda. Vitu vyangu vingine vyote maishani nimenunua vikiwa tayari. Nilitaka kimoja nikijue mpaka ndani."

Kwa kweli nilimwelewa. Kisha akanipa ganda tupu. "Soma kitako." Nikasoma: 444 Marlin. Nikashangaa, si umesema .375?

"Ndo hapo," akasema. "Kiwanda kilishagonga jina lake, mimi nimebadilisha umbo. Ukiamini maandishi ya kitako, umepotea. Kwa hiyo kila boksi naliandika: jina, baruti gani, kiasi gani, tarehe gani. Na mtutu wenyewe umechongwa jina la risasi yake. Siku nikifa, anayebaki akiwa hajui hiki ni nini, ataumia."

Maneno mazuri, siyo? Subiri.

Usiku, shemeji kalala, shoga yangu akanitolea daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi kubwa: NAULI YA TANGA. Chini yake dola 2,300, walizokuwa wanaweka mwaka mzima. Mama yake alikuwa anaumwa figo, na mpango ulikuwa shoga yangu aende Krismasi. Alipotaka kukata tiketi, akakuta akaunti ina dola 140.

"Mtutu, darubini, kalibu," akahesabu kwa vidole. "Hakuniuliza. Kaniambia baadaye eti atarudisha."

"Angekuuliza, ungekataa?"

"Ningemwambia asubiri mwakani. Mimi bastola yake siichukii, shoga. Ipo kwenye kabati la chuma, ufunguo anao, wala sijawahi kulalamika. Lakini hela ya mama! Na hata sheria ya hapa Texas, mnachochuma ndani ya ndoa ni chenu wote wawili."

Asubuhi kwenye chai, mwenzangu akaweka vitu viwili mezani, ganda na daftari. Mimi nikatamani nijifiche chini ya meza. Akamwambia mumewe kwa upole kabisa: "Hebu soma hiki, halafu soma na hiki. Vyote nje vimeandikwa kitu kimoja, ndani kuna kingine. Boksi zako unaziandika ili mimi nisije nikaumia. Hii nayo mbona hukuniandikia?"

Sitakudanganya kwamba walikumbatiana hapo hapo. Shemeji kwanza alikuja juu, akasema yeye anafanya kazi kama punda na hana starehe nyingine duniani. Akatoka, mlango ukalia pwaa! Akarudi jioni. Hakusema mengi. Akachukua kalamu, akaandika kwenye lile daftari kila kitu alichonunua na bei yake, mpaka senti. Jumla ikatoka. Wiki iliyofuata akauza bunduki zake mbili za zamani. Bastola akabaki nayo, na mkewe ndiye aliyemwambia asiiuze.

Lakini hela ilitimia Januari, Krismasi ikiwa imeshapita. Shoga yangu alifika Tanga Februari 2024. Krismasi mama alikuwa bado anatembea mpaka barazani. Februari alimkuta kitandani. Waliongea, wakacheka, wakalia. Mwezi wa tano tukazika.

Shoga yangu amemsamehe mumewe, na wako pamoja mpaka leo. Ila ukimtajia ile Krismasi, ananyamaza.

Sasa msomaji wangu, usije ukasema hayo ni ya Wazungu na bastola zao. Kila mmoja wetu ana paka-mwitu wake. Mwingine ni rimu na muziki wa gari. Mwingine ni mawigi, mwingine ni mchezo wa upatu ambao mwenzake hata hajausikia. Kuwa na kitu chako mwenyewe si kosa, na mtu asiye na anachokipenda naye anachosha. Mimi mwenyewe nina viatu ambavyo bei yake halisi sijawahi kuitaja nyumbani. Mwezi huu nitaitaja, Mungu anisaidie.

Kosa ni kuacha jina la zamani kwenye kitako wakati ndani umeshabadilisha. Akaunti inaitwa ada ya mtoto, kumbe ndani ni kiwanja cha siri. Mwenzako anasoma maandishi, anayaamini, anapanga maisha yake juu yake. Siku akihitaji kilichoandikwa, inampasukia usoni, na wewe unashangaa analia nini.

Baadhi ya paka-mwitu hufugika, shemeji aliniambia. Ile .22-250 ilianza kwa mafundi kujaribu jaribu miaka ya 1930, mwaka 1965 Remington wakaipokea rasmi, sasa inauzwa dukani na vipimo vyake viko wazi. Na cha kwako kinaweza kupokelewa hivyo hivyo. Kilete mezani, kitaje jina, kitaje na bei. Mwenzako anaweza kusema subiri. Kusubiri hakujamuua mtu. Lakini kuna safari ambazo zenyewe hazisubiri.

Leo jioni, hebu fungueni daftari lenu pamoja. Tukutane mwezi ujao.