Kodi Tatu za Bluzi na Kijana wa Isansa

Wapo miongoni mwetu wanaokunja uso kila wamwonapo kijana wa Isansa ameinamia gitaa la besi akijifunza kodi za bluzi. Husema kwamba ameiacha ngoma ya Wanyiha, amekumbatia muziki wa Marekani, na kwamba hiyo ndiyo kasumba. Mimi nasema kasumba ipo, ila wameitafuta mahali isipokuwapo.

Kwanza, bluzi ni ya nani? Ilitungwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani, uzao wa Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao kutoka pande za magharibi za bara letu. Sidai kwamba ilitoka Mbozi. Uongo hausaidii hoja njema. Lakini kuuita muziki huo mali ya mabwana ni kuwanyang'anya watumwa hata kilio chao.

Sasa tutazame kinachofundishwa. Kodi (si ile ya Serikali) ni sauti tatu au zaidi ziliazo pamoja. Bluzi ya kawaida ina kodi tatu tu, zilizojengwa juu ya sauti ya kwanza, ya nne na ya tano ya ngazi, nazo huzunguka katika vipimo 12 vyenye mapigo manne manne. Ukianzia A, hukaa hapo vipimo 4, huenda D kwa vipimo 2, hurudi A kwa 2, hupanda E kwa 1, hushuka D kwa 1, kisha hutua A kwa 2. Nyuzi za besi, kuanzia ile nene, ni E, A, D na G. Basi anayeanza aweza kuimaliza safari hiyo kwa nyuzi tatu bila kubonyeza hata moja. Kodi za ngazi hizo hizo hubeba nyimbo nyingi za kanisani. Mlalamikaji wetu huziimba kila Jumapili kwa sauti kuu, wala hajajiita mtumwa wa Ulaya!

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisikitika kwamba tulizijua dansi za kigeni kuliko ngoma zetu. Wengi hukumbuka hapo tu. Katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni la wapumbavu. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam; sijamwona mpiga ngoma aliyezaliwa na marufuku hiyo.

Kasumba ya kweli ni ya kijana anayeonyeshwa, "weka kidole hapa, halafu pale", akauiga wimbo wa kwenye kanda, na mwimbaji akipandisha sauti kidogo tu, amepotea. Huyo ni kasuku wa vidole. Aijuaye kwanza, nne na tano huihamishia safari hiyo sauti yoyote. Tena aweza kuketi mbele ya wazee wanaoimba, akatafuta besi isimame wapi, akagundua kwamba wimbo wao unazikataa kabisa kodi zake tatu. Asiyezijua hawezi kusikia kukataliwa huko.

Mwalimu asiye na gitaa asingoje. Aligawe darasa mafungu matatu, kila fungu liimbe sauti yake linapoonyeshwa kidole kimoja, vinne au vitano, na wote wapige makofi manne kwa kila kipimo. Ayategee sikio makosa ya kipimo cha tisa, pale ambapo wengi husahau kupanda.