Gari dogo la umeme linaifaa Mwanza kuliko Dar es Salaam

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kila mara mkazi wa Mwanza hukuta bei yake imeipita ile ya Dar es Salaam. Sababu inajulikana. Petroli hushushwa bandarini, hupakiwa kwenye malori na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 mpaka ifike kwenye sheli za Buzuruga, Nyakato na Igoma, na nauli ya safari hiyo hulipwa na anayeweka mafuta. Umeme hautozwi nauli. Uniti ya TANESCO inayonunuliwa Kariakoo ina bei ile ile ya uniti inayonunuliwa Nyakato National.

Tofauti hiyo inatosha kuubadilisha mjadala wa magari ya umeme nchini. Kwa kawaida mjadala huo huishia Dar es Salaam, kana kwamba miji mingine itasubiri zamu yake. Lakini Dar ina njia yake ya kukwepa petroli. Bomba la gesi kutoka Mtwara liliishia huko mwaka 2015, na tangu wakati huo bajaji na IST nyingi zimefungwa mitungi ya gesi. Bomba hilo halijafika Kanda ya Ziwa. Dereva wa Mwanza anayetaka kuachana na petroli amebakiwa na umeme, na kwake yeye hesabu ya umeme ni nzuri kuliko ya dereva wa Dar.

Gari linalozungumziwa hapa si lile refu la kifahari lenye skrini kubwa kama televisheni. Ni gari dogo la milango mitano, la kwenda kazini, shuleni na sokoni. Mfano wake unaojulikana zaidi kwa sasa ni BYD Seagull, lililoanza kuuzwa China Aprili 2023 kwa yuan 73,800, wakati huo kama dola 10,700 za Marekani. Ulaya, ambako linaitwa Dolphin Surf, liliingia mwaka 2025 kwa bei ya uzinduzi iliyoanzia chini kidogo ya yuro 20,000. Lile la China lina urefu wa mita 3.78, kwa hiyo ni fupi kidogo kuliko IST ya kwanza ambayo kila fundi wa Mwanza anaijua kwa kuipapasa gizani. Betri ndogo ya gari hilo hubeba takriban uniti 30 za umeme. China huipa betri hiyo kilomita 305. Kipimo cha Ulaya, ambacho ni kikali zaidi, huipa 220. Mnunuzi wa Mwanza ashike hiyo 220.

Chukua mtu anayekaa Nyakato, anayepeleka watoto shule, anafanya kazi mjini, jioni anapitia Mwaloni kununua samaki kabla ya kurudi nyumbani. Kwa siku hazidi kilomita 40. Gari la aina hii kwa mwendo huo litakula uniti tano na kitu, bila kuhesabu chache zinazopotea wakati wa kuchaji. Mteja wa kundi la kawaida, T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo zikiongezwa inafika 356. Siku nzima ya gari ni kama shilingi 2,000. IST inayokwenda kilomita 13 kwa lita itataka lita tatu na ushee kwa safari hizo hizo, na petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni zaidi ya 9,000. Tofauti ya shilingi 7,000 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 182,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inapita milioni mbili. Bado haijahesabiwa oili ya injini na filta yake, plagi wala mkanda wa injini, vitu ambavyo gari la umeme halina.

Jiji lenyewe nalo linalipokea vizuri gari hili. Mwanza ni mji wa miamba na milima; anayepanda Bugando au Isamilo anajua jinsi injini ndogo ya petroli inavyolalamika. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na wakati wa kushuka hugeuka kuwa jenereta, ikarudisha sehemu ya umeme kwenye betri huku ikizipumzisha breki. Foleni ya Mabatini, inayoichosha injini ya petroli na kulimaliza tangi, kwa gari la umeme ni mahali pa kusimama tu. Hali ya hewa nayo inasaidia. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, pembeni mwa ziwa, na joto lake halifikii lile linaloua betri haraka.

Joto hilo linatajwa kwa sababu maalumu. Gari la umeme ambalo madalali watakuwa wepesi kulileta ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, kwa kuwa njia ya kuileta ni ile ile ya IST na Vitz. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24 isiyopozwa kwa maji. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, walianza kulalamika kwamba betri zinachakaa mapema kwa sababu ya joto, na kampuni ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Dashibodi ya Leaf ina vipande 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Ikiwa mpya, gari hilo lilipimwa Marekani likapata kilomita 117 kwa chaji moja. Lililobakiwa na vipande vinane litatembea kama kilomita 80, na vipande vitaendelea kupungua. Kwa nje linang'aa, viti safi, redio inaongea Kijapani, bei inavutia. Anayelinunua kwa macho ananunua betri iliyochoka, na betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Wapo watakaouliza: msiba ukitokea Musoma? Swali hilo ni la haki. Gari Mwanza halinunuliwi kwa ajili ya kazini peke yake, linabeba ukoo. Magu ni kwenda na kurudi bila wasiwasi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limeisogeza Sengerema, nako kunafikika. Musoma, Shinyanga au Geita kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hapana, mpaka vituo vya kuchajia viwepo njiani. Tena Seagull ina viti vinne tu. Familia ya watu sita isidanganywe. Hili ni gari la mjini, na mwenye gari moja la kazi zote anahitaji kufikiri zaidi kuliko mwenye biashara ya teksi au anayesambaza mizigo midogo mjini, ambaye faida yake huanza siku ya kwanza.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko ukutani, kwenye mita ya LUKU. Nyumba nyingi za Nyakato zina wapangaji kadhaa wanaochangia mita moja, na kuchangia huko ni chanzo cha ugomvi hata pale ambapo mtu ameongeza friji tu. Gari likiongezwa, uniti zisizopungua 140 za ziada kwa mwezi, hakuna mchango utakaokubaliwa. Mwenye nyumba yenye matumizi madogo aliye kundi la D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kwa sababu hatumii zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, atatoka kwenye kundi hilo na kulipa bei ya T1 hata kwa taa zake. Halafu kuna nyaya. Soketi ya kawaida inaweza kuchaji gari usiku kucha, lakini si ile iliyolegea, iliyounganishwa na ekstensheni ya sokoni. Gari linataka waya wake kutoka kwenye swichi kuu, wenye kikata umeme chake na waya wa ardhini (ethi) uliofungwa ipasavyo. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kuungua kwa nyumba.

Kuhusu umeme kukatika, Nyakato ina historia yake. Mitambo ya mafuta mazito yenye megawati zipatazo 60 ilijengwa hapo na kuanza kazi mwaka 2013, wakati Kanda ya Ziwa ilipokuwa ikililia umeme. Kuchaji gari kwa umeme wa mafuta mazito kungekuwa kuhamisha moshi kutoka barabarani kwenda kiwandani. Hali imebadilika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, na yote tisa kwa pamoja ina megawati 2,115. Rusumo, kwenye Mto Kagera unaomwaga maji Ziwa Victoria, inaongeza megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Transfoma za mitaani bado huzidiwa na nguzo bado huanguka, ila gari lililojaa chaji halitikiswi na umeme uliokatika saa nne.

Majirani wamekwisha kujaribu, na majaribio yao yana la kufundisha. Kigali ilianza na Volkswagen e-Golf nne mwaka 2019, na mwaka 2021 Rwanda ikaondoa VAT na ushuru wa forodha kwa magari ya umeme. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Nairobi ilikuwa na NopeaRide, teksi za Leaf zilizoanza 2018 na kufungwa mwishoni mwa 2022 mtaji ulipokatika. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024 kwa kuzuia kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli, hatua ambayo Tanzania haina haja ya kuiiga. Upande wa pili wa ziwa, wahandisi wa Makerere waliendesha Kiira EV mwaka 2011, na leo kiwanda cha Kiira kiko Jinja. Hapa nyumbani mchoraji katuni Masoud Kipanya alionyesha gari lake dogo la umeme Machi 2022. Akili zipo.

Mikono ndiyo inayokosekana. Gereji za Nyakato zinaweza kushusha injini kabla ya saa sita mchana, lakini betri ya volti zaidi ya 300 huua fundi anayeishika kwa mazoea. Chuo cha VETA kipo hapo hapo Nyakato. Kozi fupi ya umeme wa magari, kwa mafundi walioko gereji tayari, ingefaa kuanza kabla ya magari kuzagaa.

Serikali kuu nayo ina kazi yake. Kodi za magari ziliundwa kwa kuangalia ukubwa wa injini na umri wa gari, na gari la umeme halina injini. Kipimo kinachostahili ni betri: mpya na ndogo ipunguziwe kodi, iliyochakaa isiingie kabisa bila cheti cha uzima wake. TANESCO iwarahisishie wapangaji kupata mita zao. Na wewe unayetaka kununua leo, kabla ya kutuma pesa, dai ripoti ya betri kwa maandishi. Dalali asipokuwa nayo, acha gari hilo.