Kariakoo Imejaa Watu, Majirani Wamekwenda Wapi?



Ndugu msomaji, hivi karibuni, mara baada ya Swala ya Alfajiri, tulikata shauri la kuizunguka Kariakoo kwa miguu. Wengi wetu tumeizoea Kariakoo ya saa nne asubuhi, yenye mikokoteni, marobota na vipaza sauti vya wauza nguo. Katika saa hiyo mtu haitazami mitaa, bali husukumwa na umati hadi anapokwenda. Alfajiri milango ya chuma ya maduka imeteremshwa, na mtaa unaonekana sura yake. Tulifuatana na mzee mmoja aliyekwisha kupita miaka sabini, mzaliwa wa Mtaa wa Narung'ombe, ambaye siku hizi makazi yake ni Mbagala lakini kila Ijumaa hurudi Kariakoo kuswali. Hatutamtaja jina, kwa kuwa mengi yatakayosemwa humu yanahusu nyumba za watu.

Tulianzia Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa ajili ya mapumziko peke yake. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja, nao uwanja ukawa ukanda wa kuwatenga. Ng'ambo hiyo Wajerumani walikwisha kuchora mitaa iliyonyooka kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Tulipokuwa tukiyazungumza hayo, mzee wetu alitunyoshea kidole vijana watatu waliolala juu ya mkokoteni wakingoja mzigo wa kwanza wa siku. "Jina halijapotea, Sheikh," akasema.

Tukaingia Mtaa wa Lumumba, ambao wazee bado wanauita New Street. Hapo ndipo TANU ilipoasisiwa mwaka 1954, na katika mtaa huohuo Waislamu wa mji huu walijenga kwa michango yao shule ya Al Jamiatul Islamiyya. Katika miaka hiyo marehemu Abdulwahid Sykes alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, na mambo mengi ya siasa yalizungumzwa sokoni na barazani mwa nyumba za watu kabla ya kufika jukwaani. Habari hizo zimekwisha kuandikwa na waliozifanyia utafiti, nasi hatuna haja ya kuzirefusha. Tulilolitafuta asubuhi ile ni baraza zenyewe.

Kwa wale waliozaliwa juu ya ghorofa, yafaa tuieleze nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo. Mbele palikuwa na baraza ya kukaa. Mlango ulifungukia ukumbi mrefu wa katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa ukumbi ukatokea uani penye jiko, kisima au bomba, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, paa la makuti, baadaye madebe yaliyopasuliwa, kisha mabati. Wenye nyumba wengi walikuwa akina mama, wajane na wasio wajane, waliojenga kwa fedha za maandazi, vitumbua na mchezo wa kupeana. Kodi ya vyumba vinne ilimlisha mama na wajukuu zake, na imesomesha watu ambao leo wanaitwa madaktari na mawakili.

Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa pepo. Mzee wetu mwenyewe alitukumbusha foleni ya chooni na mvua za masika zilizolowesha ukuta hadi ukalala. Lakini ndani ya nyumba moja walikaa Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi na Mngazija, na mmoja wao akiugua, kikohozi chake kilisikika chumba cha pili na mtu akainuka. Aliyekwenda safari aliacha ufunguo kwa jirani. Mtoto aliyekosea uani kwa watu alirudi kwao akiwa amekwisha kutiwa adabu, na mama yake akapeleka shukrani.

Mwaka 1971 serikali ilipotwaa nyumba za kupangisha zilizofikia thamani ya shilingi 100,000, nyumba za udongo za Kariakoo hazikuguswa, kwani thamani yake ilikuwa ndogo. Mambo yaligeuka kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa. Bidhaa zikaja kwa makontena, na wanunuzi wakaja kutoka mikoani, Zambia, Malawi na Kongo. Kiwanja kile kile kilichobeba vyumba sita kikawa na thamani ambayo marehemu aliyekijenga asingeweza kuitamka. Ghorofa zikaanza kuota, moja ikimwegemea mwenziwe, na jua likahama mtaani.

Pale Narung'ombe mzee wetu alitafuta mahali palipokuwa kwao. Alihesabu kuanzia kona, akarudi, akahesabu tena. Nyumba tatu za zamani zimemezwa na jengo moja, hivyo hesabu ya milango haimsaidii mtu.

Jambo lililotushughulisha zaidi tuliliona msikitini kabla hata ya kuanza safari. Mchana misikiti ya Kariakoo haitoshi. Adhuhuri na Alasiri safu hufika barabarani, na watu hungoja zamu ya kutawadha. Alfajiri ile tulikuwa safu moja na nusu. Ukimtoa imamu, muadhini, walinzi wa maduka na wasafiri wa nyumba za wageni, waliosalia walikuwa wazee wachache. Waliokuwa wakizijaza safu za Alfajiri wamehamia Mbagala, Chanika, Kigamboni na Kimara. Mfanyabiashara anaswali Kariakoo, hilo ni jema, lakini hakai Kariakoo. Akikosekana siku tatu hakuna anayekwenda kumgongea, kwa kuwa hakuna ajuaye mlango wake.

Katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), jirani aliusiwa kwa msisitizo mkubwa kiasi kwamba ilikaribia kudhaniwa kuwa angetiwa miongoni mwa warithi. Sisi wa Kariakoo tumefikia mahali ambapo jirani hatumjui na mrithi hatumpi chake. Haya mawili yanakwenda pamoja, nasi tutayaeleza.

Kuhusu jirani, tuanze na msiba. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo watu wakiwa kazini. Zaidi ya 80 waliokolewa, na zaidi ya 25 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kabla ya hapo, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, lilianguka na kuua watu 36, wakiwamo watoto. Baada ya msiba wa 2024 serikali iliunda tume ya kuyakagua majengo ya Kariakoo. Ukaguzi ni kazi ya wahandisi, hatuwaingilii. Lakini kuna sehemu ya jambo hili ambayo hata mwanafunzi wa madrasa anaijua au alipaswa kuijua.

Wale waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa katika darsa za pwani hii tangu enzi za babu zetu, watakumbuka mlango wa suluhu. Mwanafunzi akiufikia hushangaa kukuta mambo ya kuta, madirisha na njia katika kitabu cha ibada na muamala. Imamu huyo, aliyefariki mwaka 1277 kwa hesabu ya Miladia, anaeleza kwamba njia ya watu wote haijengwi kwa namna inayowadhuru wapitao, na kwamba ukuta wa shirika hauguswi na mshirika mmoja bila ya idhini ya mwenziwe. Sasa tujiulize: anayechimba chini ya jengo lake apate ghala la kupangisha, ilhali msingi wake na wa jirani umeshikana, amemuuliza nani? Asubuhi ile tulipita mahali panapochimbwa. Udongo umerundikwa nusu ya barabara, na hapakuwa na kibao wala mtu wa kuulizwa. Jengo la jirani lilikuwa na madirisha ya mapazia, dalili kwamba wamo waliolala.

Tuje sasa kwa mrithi. Nyumba nyingi za Kariakoo hazikuuzwa na waliozijenga. Waliziacha, na warithi ndio waliouza au kuingia ubia na mjenzi: familia inatoa kiwanja, mjenzi anajenga, kisha wanagawana maduka na nyumba za juu. Ubia si haramu, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 imewezesha mtu kumiliki kwa hati sehemu yake ndani ya ghorofa. Shida ni nani aliyekaa mezani siku ya kutia saini.

Tulipata kuletewa shauri la familia moja. Marehemu aliacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Fanya hesabu, ndugu msomaji, maana si ngumu. Mjane ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Zinabaki sehemu saba. Kila mwanamume anachukua mbili na kila mwanamke moja. Wanaume wamepata nne. Binti watatu na mama yao wamepata nne. Kwa hiyo nusu kamili ya nyumba ile ilikuwa ya wanawake, tena kwa hukumu ile ile ambayo wengine hudai inawadhulumu. Kaka mkubwa aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Akaweka saini ya ubia peke yake, kwa maelezo kwamba dada zake wameolewa na wana waume wa kuwatunza, na mama amezeeka.

Msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi, na mahakama iliyomteua inamtaka alete orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Mrithi anayehofia hila anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati kabla kiwanja hakijahamishwa. Na katika sheria yetu ya Kiislamu iko haki ya shuf'a, ambayo kwa madhehebu ya Shafi humpa mshirika wa mali isiyogawanywa nafasi ya kuichukua sehemu inayouzwa kwa mtu wa nje, kwa bei ile ile. Mahanafi wameinyosha haki hiyo hadi kwa jirani. Ni dada wangapi wa Kariakoo waliopata kuelezwa haya na sisi tunaopanda mimbari? Tunalaumu, lakini lawama nusu yake ni yetu. Tumehubiri mirathi kwa tarakimu za ubaoni, hatukuihubiri kwa hati na saini.

Kwa hiyo tunawataka maimamu na kamati za misikiti ya Kariakoo wafanye jambo lililo ndani ya uwezo wao. Msikiti ambao una maduka chini na kodi inaingia kila mwezi unaweza kumlipa mwanasheria akae siku moja kwa wiki kuwasikiliza wajane na mayatima bila malipo. Wasingoje tume. Na familia ambayo bado ina nyumba yake, nazo zipo chache, tuliziona Mtaa wa Sikukuu na kwingineko, mabati yamekwajuka na ua bado una mti, isingoje mzee afe na dalali afike mlangoni ndipo ianze kuulizana nani mrithi. Wakae sasa, mabinti wakiwapo.

Katika shauri lile, mama alipewa nyumba ya ghorofa ya sita. Lifti ilifanya kazi miezi michache, ikasimama. Miguu yake haikuweza ngazi, akahamia kwa binti yake Mbagala, na nyumba ikapangishwa kuwa ghala la viatu. Tulikwenda kumsalimu, tukadhani atatulalamikia kodi.

Hakuizungumza kodi. "Sheikh wangu," alituuliza, "mume wangu alioshwa uani kwake, na tanga likawekwa barazani kwake. Mimi nitatolewa wapi?"

Tulimjibu kwamba msikiti una chumba cha kuoshea maiti. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama nje ya chumba hicho pana kivuli cha kukaa wanawake.